Baba amestaafu jeshini: je, askari wa akiba anaweza kulinda anga?

Swali: "Mwalimu, naishi Section 58, Nakuru. Baba yangu alistaafu kutoka Jeshi la Nchi Kavu akiwa sajini, na sasa ni soja wa usiku kwenye lango la duka moja kubwa hapa mjini. Juzi nilimsikia mtu redioni akisema kwamba anga la Marekani hulindwa na wanajeshi wa akiba, watu wenye kazi zao nyingine za kawaida. Je, ni kweli? Kama ni kweli, mbona watu kama baba hawatumiki hivyo hapa kwetu, hasa siku hizi ambapo kila mtu anazungumzia droni? Halafu nina ndugu anayesomea elektroniki Kisumu. Anaweza kuingia akiba ya Jeshi la Wanahewa bila kuacha kazi atakayopata?"

Dada, ni kweli. Ila aliyezungumza redioni aliacha nusu ya habari, na hiyo nusu ndiyo inayojibu swali lako kuhusu baba.

Marekani ina kikosi kiitwacho Air National Guard. Siku za kawaida wanachama wake wako chini ya magavana wa majimbo yao, na taifa linapowahitaji huwa chini ya rais. Mwaka 1953 marubani wa kikosi hicho walianza kukaa zamu kando ya njia ya kurukia, ndege zikiwa na mafuta na silaha, wakisubiri kengele. Miaka ilivyosonga, kazi ya kulinda anga la nyumbani ikaachiwa hao wa Guard karibu yote. Ndiyo maana asubuhi ya 11 Septemba 2001 ndege za kwanza za kivita kutumwa upande wa New York zilikuwa F-15 mbili za Guard wa Massachusetts, na F-16 tatu zilizoruka kutoka Langley, jimbo la Virginia, zilikuwa za Guard wa North Dakota. Kutoka Andrews, nje kidogo ya mji mkuu, marubani wawili wa Guard wa Washington waliruka bila kombora hata moja. Mmoja wao, Heather Penney, ameeleza hadharani kwamba walikuwa tayari kuigonga ndege iliyotekwa kwa ndege zao wenyewe. Kumbe ndege hiyo ilikuwa imeshaanguka Pennsylvania kabla wao hawajaondoka ardhini.

Marekani bara yote, nchi inayoimeza Kenya zaidi ya mara 13, ilikuwa na ndege 14 tu za kivita zilizokuwa zamu asubuhi ile, katika vituo 7.

Sasa ile nusu iliyoachwa. Wengi wa wanaokaa zamu hizo si watu wa kuja Jumamosi na kurudi nyumbani Jumapili. Wameajiriwa na Guard kwa muda wote, na wale wa muda huja kujazia nafasi. Wa muda nao si wageni wa kazi: wengi walitumikia jeshi la kudumu kwanza, kisha wakaenda kurusha ndege za abiria, kwa hiyo mtu anayekuja kushika zamu mara chache kwa mwezi hajawa mbali na usukani hata wiki moja. Zaidi ya hayo, hawahamishwi. Afisa wa jeshi la kudumu hukaa kituo kimoja miaka miwili au mitatu, akishazoea anapelekwa kwingine. Wa Guard anaweza kulinda kipande kilekile cha anga miaka 20, akajua ni ndege gani ya mizigo hupita saa ngapi na ni mwanafunzi yupi wa urubani hupotea njia kila wiki. Nikiulizwa faida kubwa ya akiba katika kazi hii, sitataja gharama kwanza. Nitataja huko kukaa mahali pamoja.

Na siku ile hawakukosa ushujaa wala ndege. Walikosa kujua. Watekaji walikuwa wamezima au kubadilisha mitambo inayojitambulisha kwa rada za kiraia, na habari ziliwafikia wanajeshi zikiwa zimechelewa au zimepotoka. Zile ndege za Langley zilielekea baharini kwanza, kwa kuwa kila mtu alikuwa amezoea kwamba adui hutoka nje.

Nalisisitiza hilo kwa sababu watu wakisikia ulinzi wa anga hufikiria rubani na kombora. Hizo ni hatua za mwisho. Kabla yake lazima mtu akione chombo, akitambue ni cha nani, kisha mwenye mamlaka aamue. Kazi nyingi, na watu wengi, wako katika hatua hizo za mwanzo. Huko ndiko akiba imekuwa na maana tangu zamani.

Chukua suala la kuona. Rada haipindi kufuata mviringo wa dunia. Ukiweka antena juu ya mnara wa mita 25, chombo kinachoruka mita 100 juu ya ardhi tambarare kitaonekana kikiwa umbali wa kilomita 60 hivi, si zaidi, hata rada iwe ya bei gani. Ndege ya kivita inayokwenda kilomita 850 kwa saa inamaliza umbali huo kwa dakika nne na kidogo. Na hapo nimesema ardhi tambarare. Wewe uko Nakuru: kaskazini una Menengai, magharibi Mau, upande wa mashariki ukingo wa Bonde la Ufa. Chombo kikipita chini kwa chini nyuma ya ukingo huo, rada iliyo mjini haitajua kitu hadi kichomoze. Kisumu wana ziwa mbele yao, na ziwa ni tambarare, lakini nyuma wana milima ya Nandi. Hakuna nchi yenye pesa za kuweka rada katika kila bonde, kwa hiyo mabonde hujazwa na watu.

Waingereza walilijua hilo mapema. Rada zao za 1940 zilitazama baharini. Ndege za Wajerumani zikishavuka ufuo, waliozifuatilia walikuwa raia wa kujitolea wa kikosi cha waangalizi, Observer Corps, takriban watu 30,000, wakiwa vilimani na juu ya mapaa na darubini na simu ya waya. Mwaka 1941 mfalme aliwapa heshima ya kuitwa Royal. Wakati huohuo Fighter Command, kamandi ya ndege za kivita ya Uingereza, ilikuwa na vikosi 14 vya ndege vilivyotoka katika akiba, vijana waliojifunza kuruka wikendi. Vikosi viwili kati ya hivyo, cha Glasgow na cha Edinburgh, ndivyo vilivyotungua ndege za kwanza za Wajerumani katika anga la Uingereza, tarehe 16 Oktoba 1939.

Hadithi hiyo hupendwa sana na watetezi wa akiba. Wasichopenda kukisimulia ni kwamba mwaka 1957 serikali ya Uingereza ilivivunja vikosi vyote vya kuruka vya akiba hiyo. Ndege za jeti zilikuwa zimekuwa ghali na ngumu, na rubani wa Jumamosi hangeweza tena kwenda sawa na rubani wa kila siku. Marekani ilibaki na wake kwa sababu ilikubali kulipa, na kama nilivyoeleza, ilikubali kuwafanya wengi wao waajiriwa wa kudumu. Kwa hiyo kuna kazi za anga zinazomfaa mtu wa akiba na kuna zisizomfaa, na kinachozitenganisha ni muda ambao ujuzi hukaa kichwani bila kutumika. Ujuzi wa kuendesha jeti ya kivita hufifia ndani ya wiki chache. Ujuzi wa kutambua sauti ya injini, kupaka lami shimo la bomu kwenye njia ya ndege, kutengeneza jenereta ya rada au kulinda ua wa kambi hukaa miaka.

Kuna hesabu moja ambayo makamanda huifanya usiku wakiwa hawana usingizi. Wiki ina saa 168. Mtu hufanya kazi saa 40. Kiti kimoja mbele ya skrini ya rada, kikitakiwa kuwa na mtu mchana na usiku, kinahitaji watu wanne na ushee. Ukitoa likizo, ugonjwa na mafunzo, ni watano. Chumba chenye viti sita ni watu 30, kabla hujahesabu mpishi, dereva na fundi. Wakati wa amani unaweza kulala na viti viwili. Wakati wa hatari unataka sita, na unavitaka kesho. Hao wengine utawatoa wapi kama hujawaandaa?

Uswisi ilipata aibu kwa hesabu hiyohiyo, na ndege iliyohusika ilitoka jirani zetu. Tarehe 17 Februari 2014 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Roma, ikiwa na watu zaidi ya 200, ilitekwa na rubani wake msaidizi. Alimfungia nje rubani mkuu alipokwenda msalani, akaipeleka Geneva alfajiri. Ndege za kivita za Italia na Ufaransa ndizo zilizoisindikiza. Za Uswisi zilikuwa ardhini, maana jeshi lao la anga wakati huo lilifanya kazi saa za ofisi. Nchi tajiri, ndege nzuri, marubani hodari, lakini hawakuwa wameweka watu na bajeti za kukaa macho usiku. Walianza zamu ya saa 24 mwishoni mwa 2020. Nchi hiyo jeshi lake zima limejengwa juu ya raia wanaoitwa kwa zamu, kwa hiyo usidhani kuwa na akiba kubwa kunatosha.

Sasa tuje ziwani kwetu, Ziwa Victoria.

Vita vya Uganda na Tanzania vilipoanza Oktoba 1978, ndege za Idi Amin zilidondosha mabomu Bukoba. Wapiga mizinga wa Tanzania walifyatua bila kupata kitu, na ingawa madhara yalikuwa madogo, vioo vilivunjika na watu wakaingiwa na hofu kubwa. Tanzania ikaanza kukusanya nguvu zake, wakiwemo makumi ya maelfu ya mgambo. Kila aliyekuwa na silaha ya kutungulia ndege kandokando ya ziwa alikuwa akitazama juu, kidole tayari. Siku chache baadaye ndege tatu za kijeshi zikapita juu ya Musoma zikielekea Mwanza. Zikatunguliwa, na marubani wakafa. Zilikuwa za Tanzania yenyewe.

Musoma iko upande wetu uleule wa ziwa, chini kidogo ya mpaka wa Migori. Nimewahi kufundisha maafisa wa usalama ambao hawakuwa wamesikia habari hii hata kidogo, ilhali wanajua kwa kina yaliyotokea New York. Kosa lile halihitaji mtu awe wa akiba ili alifanye. Askari wa kudumu hulifanya pia, katika kila vita. Ila ukimpa silaha mtu aliyeitwa jana, mwenye hofu, asiye na redio inayomfikia kamanda na asiyejua umbo la ndege za kwao, unaongeza uwezekano wa kosa hilo mara nyingi. Kwa hiyo mtu akiniambia "tuwape wastaafu makombora walinde anga", namuuliza kwanza: nani atawaambia ndege hiyo ni ya nani?

Vita hivyohivyo vina kisa kingine. Mwaka 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22, iliyokuja kumsaidia Amin, ilijaribu kupiga bohari la mafuta Mwanza. Ikakosa, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane na kuua swala kadhaa. Watu hucheka wakisimuliwa. Mimi hutazama alichokilenga: mafuta, kando ya ziwa. Kisumu ina bohari la mafuta la bomba linalotoka Mombasa, Nakuru ina lake na Eldoret vilevile, na katika kaunti yako kuna mitambo ya umeme wa mvuke ya Olkaria. Vitu vya aina hiyo ndivyo adui wa aina yoyote angevitafuta, na haviwezi kusogezwa.

Miongoni mwa silaha zilizotumika pande zile wakati ule ni kombora la begani la Kisovieti, Strela-2, linaloweza kubebwa na mtu mmoja. Kombora la familia hiyohiyo Wakenya wamelionja: tarehe 28 Novemba 2002 magaidi waliifyatulia makombora mawili ndege ya abiria ya Israeli ilipokuwa ikiondoka Mombasa. Yalikosa. Tangu siku hiyo hakuna serikali ya eneo hili itakayokubali silaha kama hiyo ikae mahali ambapo haijafungiwa na kuhesabiwa. Ongeza kumbukumbu ya 1 Agosti 1982, wakati askari wa Jeshi la Wanahewa walipojaribu kupindua serikali na jeshi lenyewe likavunjwa na kuundwa upya, utaelewa kwa nini ulinzi wa anga hapa umebaki jambo la kambi na wanajeshi wa kudumu. Unaweza kusema ni tahadhari iliyozidi. Mimi nadhani ina sababu.

Hata hivyo, mambo yamebadilika, na hapo swali lako la droni lina uzito. Droni kama Shahed za Iran, ambazo Urusi imezituma Ukraine kwa maelfu, huenda kilomita 180 hivi kwa saa. Zile kilomita 60 za rada, ambazo jeti huzimaliza kwa dakika nne, droni hii huzimaliza kwa dakika 20. Inatoa sauti inayosikika mbali, kama pikipiki iliyotobolewa ekzosi. Kuipiga kwa kombora la mamilioni ya dola ni hasara hata ukiipata. Ukraine ikarudia njia za 1940 kwa vifaa vya sasa: makundi madogo yenye pikapu, bunduki nzito za rashasha, taa kali na kompyuta kibao inayoonyesha droni zinakoelekea. Wengi katika makundi hayo ni watu wa ulinzi wa maeneo na wa kujitolea, wanaoshika zamu usiku na kurudi kwenye shughuli zao mchana. Wakatandaza maikrofoni kwa maelfu juu ya nguzo, zisikilize injini. Raia wa kawaida wakapewa programu ya simu inayoitwa ePPO: ukisikia droni au kombora unaielekeza simu upande huo, unabonyeza, na habari inafika kwa wanajeshi. Kazi ya kikosi kile cha waangalizi imerudi, safari hii darubini na simu ya waya zikiwa kitu kimoja kinachotiwa mfukoni.

Lakini hata kwa droni, kutambua bado ni kazi ngumu. Rada ndogo iliyotegwa kuona kitu cha ukubwa wa droni huona pia ndege wenye manyoya. Hebu fikiria rada hiyo iwekwe karibu na Ziwa Nakuru, heroe wanapohama usiku kwenda Bogoria au Elementaita. Mtu anayejua mienendo ya heroe hao, yaani mtu wa hapo aliyekaa miaka, ana thamani kuliko mtaalamu aliyeletwa mwezi uliopita.

Israeli nao hutegemea akiba katika mitambo ya Iron Dome, inayotungua roketi zikiwa angani, iliyoanza kazi mwaka 2011. Oktoba 2023 walipoita akiba zaidi ya watu 300,000, baadhi walikwenda moja kwa moja kwenye mitambo hiyo. Inawezekana kwa sababu walikuwa wameitumikia mitambo ileile wakiwa vijana wa lazima jeshini, na huitwa mara kwa mara kuikumbuka. Finland, yenye watu milioni tano na nusu hivi, hupanga jeshi la vita la watu 280,000 kwa njia hiyo.

Baada ya hayo yote, baba yako.

Kwanza tusichanganye akiba na akiba. Watu wa kaunti za kaskazini ya Nakuru, Baringo hadi Turkana, wakisikia neno hilo hufikiria wale wa Akiba ya Polisi, NPR, ambao zamani waliitwa KPR: wananchi waliopewa bunduki kulinda mifugo na vijiji, na waliopokonywa mwaka 2019 kabla ya suala lao kuibuka tena. Hao ni wa polisi, na hawahusiani na anga. Vijana wa NYS, Huduma ya Vijana kwa Taifa, wanaofunzwa Gilgil nao si akiba ya jeshi. Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya (KDF) ya 2012 inatambua akiba ya jeshi lenyewe, kwa hiyo mlango wa kisheria upo. Ila sheria ikishaandikwa, akiba inabaki majina kwenye daftari mpaka watu waitwe kila mwaka, wapimwe afya, wafunzwe upya, walipwe kwa siku hizo na warudi makazini bila kufukuzwa.

Hilo la mwisho halizungumzwi sana, nami naona ndilo kubwa. Marekani ina sheria ya 1994 inayomlazimu mwajiri kumrudishia mtu wa akiba kazi yake. Sasa mfikirie baba hapo langoni. Akimwambia mwenye kampuni ya ulinzi kwamba anaitwa mazoezini wiki mbili kambini Lanet, atarudi akute kijana mwingine amevaa sare yake. Mzee hawezi kulinda anga la taifa kwa gharama ya karo ya wajukuu. Kwa hiyo wanaotaka akiba ya kweli Kenya waanze na Wizara ya Kazi kabla ya kwenda kununua hata bunduki moja.

Tuseme hilo limetatuliwa. Sajini wa askari wa miguu angefaa wapi? Nisikufiche: si kwenye kombora, wala mbele ya skrini ya rada. Hakufunzwa hayo, na katika umri wake si busara kuanza. Lakini kituo cha rada au kikosi cha mizinga huzungukwa na ua, na ua unahitaji watu wanaojua kupanga ulinzi, kuchimba mahandaki, kutawanya magari yasikae pamoja na kuzima taa usiku. Kituo kikipigwa, mtu wa kwanza kuhitajika ni yule anayeweza kuwatuliza vijana na kuwapanga, na sajini mstaafu amefanya hivyo maisha yake yote. Kisha kuna uangalizi. Mtu aliyewahi kukaa lindo porini anajua kutoa taarifa fupi: nini, wapi, inaelekea wapi, saa ngapi. Raia wengi wakiona kitu angani hupiga simu wakipiga kelele, wakasahau kusema wako wapi.

Ningepewa nafasi ya kuanzisha jambo hili, nisingeanza na silaha kabisa. Ningeanza na waangalizi na mafundi karibu na mahali pachache pasipoweza kusogezwa: Olkaria, mabohari ya mafuta, uwanja wa ndege wa Kisumu. Wastaafu wanaoishi hapohapo, redio zinazofika kwa kamanda mmoja, mazoezi machache kwa mwaka pamoja na watu wa usafiri wa anga, na picha za ndege zetu na za majirani hadi wazitambue gizani. Uganda na Tanzania wajulishwe pia, maana ndege ikiwa juu ya ziwa inaweza kuvuka mpaka kabla mtu hajamaliza kupiga simu. Bunduki zingefuata baadaye, zikiwa ghalani kambini, chini ya wanajeshi wa kudumu. Kwa hatua ya kwanza, gharama kubwa ingekuwa posho na mafuta ya gari.

Kwa hiyo mwambie baba kwamba ujuzi wake una nafasi katika kazi hii, lakini asiache lango kwa sababu ya kilichosemwa redioni. Cheti chake cha kutoka jeshini akitunze pamoja na rekodi za kozi alizofanya. Nchi yoyote ikianza kuita akiba, huanza na hao wenye karatasi.

Ndugu yako ni jambo jingine, na lake ni jepesi zaidi. Nafasi ambazo KDF hutangaza ni za utumishi wa muda wote. Akiitwa ataenda mafunzoni Eldoret na hatarudi kwenye kazi yake ya mchana. Jeshi huajiri mafundi wenye vyeti, na umri wao wa mwisho huwa juu kidogo kuliko wa makuruta wa kawaida, kwa hiyo amalize masomo kwanza aende na cheti mkononi. Kama hataki sare, asome mambo ya rada, redio na urambazaji, kisha atazame upande wa usafiri wa anga wa kiraia. Wanaoendesha rada za kiraia na wanaolinda anga hulazimika kuongea kila siku, na fundi anayeelewa mitambo ya pande zote mbili hakosi kazi. Na kuhusu kuajiriwa jeshini: usajili ni bure. Atakayemwambia ana mtu wake Lanet au Nairobi wa "kumsaidia" kwa laki kadhaa, ni tapeli. Amripoti kituo cha polisi, asimtumie hata shilingi ya M-Pesa.